Hendrix, Rhoads au Allman: mpiga udi aanze na nani?

Mpiga Udi wa Malindi: Assalaamu alaykum. Nimezoea udi wa taarab, na sasa nimepata gitaa la umeme. Nataka kumfuata mpigaji mmoja wa roki kwa makini kabla ya kuwagusa wengine. Ninaowapima ni watatu, wote waliokufa vijana: Jimi Hendrix, aliyefariki London mwaka 1970 akiwa na miaka 27, Randy Rhoads, aliyekufa kwa ajali ya ndege ndogo Florida mwaka 1982, miaka 25, na Duane Allman, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, mwaka 1971, miaka 24. Naomba rai zenu.

Bi Nota: Waalaykumu ssalaam. Chukua Rhoads. Mama yake alikuwa na skuli ya muziki North Hollywood, naye alifundisha gitaa hapo kabla ya kujiunga na mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne mwaka 1979. Hata akiwa ziarani alitafuta walimu wa gitaa la klasiki katika miji waliyopita. Solo zake, yaani pale gitaa linapotangulia peke yake, alikuwa akizirekodi mara mbili au tatu, moja juu ya nyengine, jambo lisilowezekana kwa mtu asiyejua hasa alichokipiga mwanzo.

Kijana wa Wete: Kwa heshima yako Bi Nota, mwenye jina ni Hendrix: mtu wa mkono wa kushoto aliyeligeuza gitaa la mkono wa kulia, na tangu alipofika London Septemba 1966 hadi kufa kwake ni miaka minne tu. Lakini sauti yake kwa sehemu kubwa hutoka kwenye amplifaya iliyofunguliwa sauti sana, na kwa vichochoro vya Mji Mkongwe majirani watakugongea kabla wimbo haujesha.

Mzee Kidumbak: Wanangu, mmeisahau ala anayotoka nayo muulizaji. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti, kwa hivyo kidole huteleza na kupita katikati ya sauti mbili, na hilo ndilo litakalomkosesha raha kwenye gitaa. Allman alivaa kichupa cha kioo cha dawa ya mafua kwenye kidole cha pete, akakitelezesha juu ya nyuzi bila ya kuzikandamiza. Isitoshe, kabla ya kuunda bendi yake alikuwa mpigaji wa studio Muscle Shoals, Alabama, akiwasindikiza waimbaji kama Wilson Pickett, na huko gitaa lake lilimjibu mwimbaji kama fidla inavyomjibu kwetu. Sikiliza alichorekodi kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971.

Mpiga Udi wa Malindi: Shikamoo Mzee, umenimaliza. Nyuzi nizifunge vipi?

Mzee Kidumbak: Marahaba. Pandisha uzi wa tano na wa nne sauti nzima, wa tatu nusu sauti, zote zikipigwa wazi zitoe E meja. Kichupa kiwe juu ya chuma chenyewe, si nyuma yake, na vidole vilivyo nyuma ya kichupa viguse nyuzi kidogo ili zisivume.