CXCL8 ya farasi: neutrofili hazivuki utando, shida ni protini au damu?

Uyole_Maabara
Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Tunapima mwitiko wa neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) za farasi kwa CXCL8, kemokini yaani protini inayovuta seli hizo, rikombinanti ya farasi iliyozalishwa kwenye bakteria E. coli. Kichupa kilikuja na mikrogramu 5 za unga mkavu, tukauyeyusha kwa mililita 10 za bafa ya fosfeti tupu na kuhifadhi kwenye nyuzi -20. Tunatumia hiyohiyo, nanogramu 500 kwa mililita, kwenye chemba yenye utando wa vitundu vya mikromita 3. Seli zinazovuka ni sawa na kisima (kishimo cha chemba) kisicho na kemokini. Hata fMLP, peptidi ya kuvutia neutrofili ambayo kwa binadamu haikosi, haivuti kitu. Damu inatoka Iringa kwa gari, kwenye boksi la barafu. Tuanzie wapi?

Mto_Songwe
Kwanza fMLP iondoe kwenye hesabu. Neutrofili za farasi hazisogei kuifuata, hilo linajulikana tangu zamani. Kidhibiti chanya (kitu kinachojulikana kuzivuta) kiwe lukotriini B4, nanomola 10 zinatosha.

Sasa protini. CXCL8 ni ndogo, kama kilodaltoni 8, na ina chaji chanya nyingi. Ikiwa imezimuliwa hivyo bila protini ya kuisindikiza, inanata kwenye kuta za tyubu, na kila ukihamisha unapoteza nyingine. Kichupa kijacho kizungushe kwenye sentrifyuji kabla ya kufungua, maana unga hunasa kifunikoni. Tia mikrolita 50 za bafa tasa yenye albumini ya ng'ombe 0.1%, upate mikrogramu 100 kwa mililita. Subiri dakika 15, usitikise hadi povu. Gawa mikrolita 5 kwa kila tyubu isiyonata protini, weka kwenye nyuzi -80, na iliyokwisha yeyuka usiigandishe tena. (Ukitaka kuchanja sungura upate kingamwili, albumini iache, la sivyo sungura atatengeneza kingamwili za albumini pia.)

Halafu dozi. Mwitiko hupanda, hufika kilele, kisha hushuka: vipokezi vikishajaa, seli haitambui tena upande wenye kemokini nyingi. Kama hizo 500 kweli zimo, huenda umeshapita kilele. Pima nanogramu 1, 3, 10, 30, 100 na 300 kwa mililita. Nanogramu 10 kwa mililita ni takriban nanomola 1.2.

Daktari_Kihesa
Nakubali, ila damu nayo ina kesi. Neutrofili hazidumu, na ubaridi ukifuatwa na joto huziamsha kabla hazijafika kwenye chemba. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo tenganisheni hukuhuku Iringa na mpime siku hiyohiyo.

Farasi hurahisisha kazi: seli zake nyekundu hushikana na kuzama upesi. Simamisha tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) nusu saa, plazma ya juu ndiyo yenye seli nyeupe. Ilaze taratibu juu ya kimiminika cha gradienti (cha kutenganisha seli kwa msongamano) cha gramu 1.077 kwa mililita, zungusha kwa 400 g dakika 30, breki imezimwa. Neutrofili zitakuwa chini kabisa. Nyekundu zilizobaki zipasue kwa maji tasa sekunde 30, kisha rudisha chumvi mara moja kwa ujazo uleule wa 1.8%. Osha vizuri, maana EDTA hufunga kalsiamu, halafu weka kwenye bafa ya Hanks yenye kalsiamu na magnesiamu.

"Joto la chumba" kwenye protokali ni nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi ya Julai huku nyanda za juu chumba hakifiki hapo. Kimiminika cha gradienti kikiwa baridi msongamano wake hubadilika na tabaka huchanganyika, kwa hiyo kipashe joto kwanza.

Uyole_Maabara
Shukrani sana. Je, endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) ya E. coli, isije ikawa ndiyo inayochochea seli? Tulifikiria kuchemsha protini iwe kidhibiti hasi.

Mto_Songwe
Kuchemsha hakutoshi. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na CXCL8 ina madaraja mawili ya salfa yanayoishikilia hata kwenye joto. Imeng'enye kwa proteinasi K, kisha zima kimeng'enya kwa joto. Endotoksini haifi kwa mchemsho, hivyo mwitiko ukibaki baada ya hapo, ndiyo inayofanya kazi. Kisima kingine kiwe na polimiksini B, inayofunga endotoksini, mikrogramu 10 kwa mililita.

Muulize pia muuzaji mwanzo wa mnyororo wa asidi amino za protini ukoje. Lebo ya histidini (kipande cha kusafishia protini) ikae mwishoni. RANTES ya binadamu, kemokini nyingine, ikiongezwa asidi amino ya methionini moja tu mwanzoni hugeuka kizuizi cha kipokezi chake.

Daktari_Kihesa
Na visima vya kemokini sawa juu na chini msivisahau. Seli zikivuka hapo pia, ni kuchangamka tu, hazifuati kemokini.