Nadharia ipi ya ujifunzaji itanisaidia kufundisha kujumlisha sehemu?

Chaki_Nyeupe:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano, na dawati moja hukaliwa na wanafunzi wanne. Nikiwapa 1/2 + 1/3, wengi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 2/5, ingawa kanuni ya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) wanaikariri bila kukosea. Mthibiti ubora aliyepitia andalio langu la somo alinishauri nitumie nadharia ya ujengaji maarifa, yaani mtoto hujijengea uelewa mwenyewe badala ya kumiminiwa. Chuoni tuliwasoma wanasaikolojia Skinner, Piaget na Vygotsky kwa ajili ya mtihani. Je, mbele ya watoto hawa wanasaidia nini?

Mwl_Mstaafu:
Mwalimu, anza na kosa lenyewe, nadharia itafuata. Mtoto anayeandika 2/5 anaiona sehemu kuwa ni namba mbili zilizobebana, wala haoni namba moja yenye ukubwa wake. Kabla ya kumsahihisha, mpe mstatili wa miraba 10 katika daftari la Hisabati, apake rangi nusu yake, kisha katika mstatili mwingine kama huo apake 2/5. Atapata miraba 5 na miraba 4, yaani ameongeza kitu juu ya nusu na jibu likapungua. Mkanganyiko huo ndio ambao Piaget aliona unamlazimisha mtoto kuupanga upya uelewa wake. Baada ya hapo mpe mstatili wa miraba 6: nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla ni 5 kati ya 6. Mwanasaikolojia mwingine, Bruner, alipendekeza mfuatano huo wa vitendo, picha, ndipo alama. Sisi huanzia kwenye alama kwa sababu muhtasari unatukimbiza, kisha tunashangaa KDS ikikaririwa bila kueleweka.

Mama_Hesabu:
Naunga mkono, ila kwa darasa kubwa namwongeza Vygotsky, aliyesisitiza yale ambayo mtoto bado hayawezi peke yake lakini huyaweza akisaidiwa na anayemzidi kidogo. Wanne wa dawati moja tayari ni kundi. Mwenye uwezo asishike penseli, kazi yake iwe kuuliza, "Kwa nini umepaka mitatu?" Kundi ambalo mmoja anaandika na watatu wanatazama si mbinu shirikishi, hata kama andalio la somo linasema hivyo.

Mdau_wa_Elimu:
Msimtupe Skinner, aliyeeleza kuwa tendo huimarishwa na matokeo yake, na ambaye wengi humhusisha na fimbo bila haki. Uimarishaji hasi si adhabu: ni kuondoa jambo lisilopendeza ili tendo jema liongezeke, kama kumsamehe maswali yaliyobaki ya kazi ya nyumbani aliyepatia yote ya mwanzo. Tena, asiyejua mara moja kuwa 2 × 3 ni 6 atakwama kwenye huo mstatili wenu, na jedwali la kuzidisha halina njia ya mkato zaidi ya mazoezi mafupi yanayosahihishwa papo hapo, kabla daftari halijalala mezani kwa mwalimu wiki nzima.

Chaki_Nyeupe:
Nawashukuru sana. Kwa 1/4 + 1/6, niwaelekeze wachore miraba 12 au 24?

Mwl_Mstaafu:
Usiwaelekeze. Aliyechora 24 atapata 10 kati ya 24, na jirani yake mwenye 12 atapata 5 kati ya 12. Waulize ni nani aliyepatia, kisha unyamaze kidogo.