Mjadala: Maji ya visima virefu yatiwe klorini au yaachwe yalivyo?

Mleta hoja

Wadau, naleta hoja inayoigawa miji mingi midogo inayokunywa maji ya ardhini. Mji una visima virefu viwili au vitatu, pampu, tangi mlimani na mabomba hadi majumbani. Maji yanatoka maangavu, baridi, hayana harufu. Siku moja linatoka tangazo kwamba yataanza kutiwa klorini, na nusu ya mji inakuja juu: maji yetu yametoka chini ya mwamba, Mungu ameyachuja mwenyewe, mnatutilia dawa ya nini?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: yatiwe.

Ni kweli ardhi huchuja. Maji ya mvua yanapopenya taratibu kwenye udongo na mchanga, kwa miezi au hata miaka, vimelea vingi hunaswa au hufa njiani. Lakini hiyo ni sifa ya njia ambayo maji yamepita, na njia hazifanani. Mwamba wa chokaa wenye nyufa hauchuji chochote cha maana; maji ya juu yanaweza kushuka hadi kisimani kwa muda mfupi sana. Na hata pale ardhi ilipo nzuri, kisima chenyewe ni tundu tulilolitoboa kupita katikati ya hilo chujio. Saruji inayozunguka bomba la kisima ikipasuka, au mfuniko usipokaza, maji ya dimbwi la jirani hayana haja ya kuchujwa na mwamba wowote. Yanaingia moja kwa moja.

Havelock North, huko New Zealand, ni mji wa watu wapatao 14,000. Ulikuwa ukinywa maji ya visima bila klorini, na wakazi waliyaamini. Agosti 2016 ilinyesha mvua kubwa, ikasomba kinyesi cha kondoo hadi kwenye dimbwi lililokuwa karibu na kisima, na uchafu ukavutwa ndani. Bakteria wa Campylobacter, wanaosababisha kuhara, wakaingia mabombani. Zaidi ya watu 5,000 waliugua, na vifo visivyopungua vitatu vilihusishwa na maji hayo. Haukuwa mji wa kimaskini, na maabara zilikuwepo.

Kuna wanaosema: tupime mara kwa mara, tukiona tatizo ndipo tutibu. Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi na ndilo linalonitisha zaidi. Kipimo cha kawaida cha E. coli, yule bakteria anayetuonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, huhitaji kuotesha sampuli kwa saa 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Ongeza muda wa kuichukua sampuli na kuifikisha maabara. Matokeo yanapokuja, mji mzima umeshakunywa. Halafu sampuli yenyewe ni mililita 100 tu kati ya maji ya mji mzima. Kupima ni lazima, sipingi, ila hakuwezi kumkinga mtu ambaye tayari amejaza gilasi.

Na kiasi tunachokibishania ni kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka klorini huru, yaani ile iliyobaki bila kumezwa na uchafu, ya miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji kwa nusu saa, na angalau 0.2 pale maji yanapofika bombani kwa mtumiaji. Ukomo wa usalama kwa mtu anayekunywa maisha yake yote ni 5. Hayo mabaki madogo yanayofika hadi bombani ndiyo mlinzi wa njia nzima, kwa sababu uchafu hauingii kisimani tu. Huingia pia tangini na kwenye viungo vya mabomba.

Anayepinga, karibu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta hoja, nakuheshimu, ila umeanzia safari katikati.

Uholanzi wanasambaza maji ya bomba bila klorini, na sehemu kubwa ya maji hayo inatoka ardhini. Denmaki pia wengi wanakunywa maji ya ardhini yasiyotiwa klorini. Si kwa sababu miamba yao ina baraka kuliko ya wengine. Wameweka maeneo ya ulinzi kuzunguka visima, na Uholanzi mpaka wa ndani wa ulinzi hupimwa kwa muda: pale ambapo maji yangechukua siku 60 kutembea chini ya ardhi hadi kisimani. Ndani yake shughuli za kuchafua zinazuiwa. Mabomba yao yana presha saa zote na hayavuji ovyo. Wamezuia uchafu usiingie. Wewe unatuambia tuuache uingie, kisha tuuue.

Hofu yangu haiko kwenye dawa yenyewe. Naihofia kazi ambayo haitafanyika baada ya dawa kufika. Pipa la klorini likishawekwa kwenye nyumba ya pampu, nani tena atahangaika na zizi lililo mita chache kutoka kisimani? Nani atafukua bomba lililooza?

Umetaja New Zealand, nami nataja Walkerton, Ontario, nchini Kanada. Mji wa watu wasiofika 5,000, unaotegemea visima kama miji hiyo unayoizungumzia. Mei 2000, baada ya mvua kubwa, E. coli wa aina hatari ya O157:H7 na Campylobacter waliingia kutoka kinyesi cha ng'ombe kupitia kisima kifupi. Watu saba walikufa, zaidi ya 2,300 wakaugua. Na klorini? Ilikuwepo. Waendeshaji walizoea kutia pungufu kisha kuandika daftarini 0.5 au 0.75 kana kwamba wamepima. Dawa mliyoiamini ilikuwa kwenye karatasi.

Sijagusa bado kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na mabaki ya majani na uchafu mwingine wa viumbe. Nazo tuzinywe?

Mchangiaji wa pili

Mimi kwangu ni harufu. Naambiwa kiasi ni kidogo, lakini pua yangu inaikamata. Na hata kabla ya klorini maji ya kisima yalikuwa yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Maji safi hayaachi ukoko.

Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi ya kupima maji, kwa hiyo naomba niingie.

Ndugu wa ukoko kwanza, kwa kifupi. Huo ni ugumu wa maji, yaani kalisi na magnesi zilizoyeyuka kutoka kwenye mwamba. Unaharibu birika na kumaliza sabuni, lakini si sumu. Kuhusu harufu, pua yako haikudanganyi: wapo watu wanaoisikia klorini hata ikiwa 0.3 tu. Ukiacha maji kwenye chombo kipana kwa muda inapungua.

Kinachonisumbua katika mjadala huu ni kwamba pande zote mbili mnazungumzia vimelea peke yake. Maji ya ardhini yana hatari nyingine ambayo klorini haiigusi kabisa, na macho hayaioni, na ulimi hauionji. Naitreti hutoka kwenye mbolea, mazizi na mashimo ya vyoo, na ukomo wake ni miligramu 50 kwa lita. Kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, naitreti ikizidi huzuia damu kubeba oksijeni na mtoto hugeuka rangi ya samawati. Floridi hutoka kwenye mwamba wenyewe, ukomo ni 1.5; ikizidi kwa miaka huharibu meno, na ikizidi sana huharibu mifupa. Aseniki, ambayo ni sumu, ukomo wake ni miligramu 0.01, kiasi kidogo mno.

Bangladesh watu walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, wengi kuanzia miaka ya 1970, ili waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Kuhara kulikuwa na dawa yake, lakini miaka ya 1990 ndipo ilipobainika kwamba vingi vya visima hivyo vina aseniki. Maji yalikuwa maangavu na matamu muda wote huo.

Na tafadhali, anayeambiwa maji yana naitreti nyingi asikimbilie kuyachemsha. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini maji yanapopungua kwa mvuke naitreti inabaki ileile kwenye maji machache. Floridi na aseniki ni vivyo hivyo. Nimeona wazazi wenye nia njema kabisa wakichemsha mara mbili ili kuwa na uhakika zaidi, na hakuna aliyekuwa amewaeleza.

Kwa hiyo mimi siulizi kwanza kama yatiwe klorini. Nauliza, matokeo ya vipimo yako wapi? Si sentensi ya "maji ni salama". Tarehe, mahali sampuli ilipochukuliwa, namba.

Mleta hoja

Mchangiaji wa tatu umenisaidia, na madai yako nayabeba kama yangu. Mji usioonyesha namba zake hauna haki ya kumwomba mkazi amwamini, uwe unatia klorini au hautii.

Nirudi kwa mchangiaji wa kwanza. Uholanzi uliyoitaja naipenda. Lakini hesabu alichonacho Mholanzi kabla hujamwondolea klorini: ardhi ya ulinzi, ukaguzi, mabomba yenye presha mchana na usiku. Mji mdogo wenye mgao wa maji hauna hata kimoja. Maji yanapokatwa bomba hubaki tupu, presha ndani inashuka, na penye ufa bomba linavuta maji ya udongoni, pamoja na ya mfereji wa maji machafu kama uko jirani. Maji yalitoka kisimani salama, yakachafuka njiani. Tujenge ya Uholanzi, ndiyo. Ila wakati tunajenga, watoto wanakunywa leo.

Kemikali zitokanazo na klorini ni hoja ya kweli. Huwa nzito zaidi kwa maji ya mito na mabwawa, yaliyojaa mabaki ya majani. Maji ya ardhini kwa kawaida huwa na mabaki hayo kwa uchache. Zipimwe pia. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeandika kwamba juhudi za kuzipunguza zisidhoofishe kamwe kuua vimelea.

Na Walkerton, ndugu yangu, uchunguzi uliofanywa baadaye ulieleza pia kwamba vifaa vya kupima mabaki ya klorini na uchafu wa maji bila kukoma, kama vingekuwa kwenye kisima kile, vingeuzuia mlipuko. Klorini ikimezwa na uchafu, mabaki yanashuka, kifaa kinapiga kelele, pampu inazimwa. Hapo klorini inaua vimelea, na kushuka kwake kunatoa taarifa papo hapo, wakati sampuli ya maabara bado inaoteshwa. Asiye na klorini hana kengele hiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja ya kengele nimeielewa, na ina uzito. Bado sijakubali klorini ya kudumu. Nitakubali itiwe kwa muda ulioandikwa, pamoja na orodha ya kazi: visima vikaguliwe juu hadi chini, mazizi na vyoo vya karibu vihamishwe, mabomba mabovu yatajwe mtaa kwa mtaa. Kazi zikiisha tupige hesabu upya. Lakini hujasema ni nani atakayesoma kifaa na kuandika hizo namba. Walkerton daftari lilijazwa na walewale waliokuwa wakiendesha pampu.

Mleta hoja

Asiwe anayeendesha pampu, hilo halina mjadala kwangu. Sampuli ichukuliwe na mtu wa afya asiyelipwa na wenye mradi wa maji, bila kutoa taarifa ya siku anayokuja, na ichukuliwe kwenye bomba la nyumba ya mwisho ya laini, si hapo tangini ambako klorini bado ni mbichi. Namba zibandikwe siku hiyohiyo zinapotoka, hata zikiwa mbaya. Muda ulioandikwa naukubali pia, kwa sharti moja: ukiisha, klorini isiondolewe kwa kura ya watu waliochoshwa na harufu, iondolewe kwa ripoti ya ukaguzi iliyopita misimu ya mvua kubwa bila E. coli hata mmoja katika sampuli. Je, wewe ungetaka misimu mingapi?