Ukaguzi wa mimea siku mbili za Agosti, kisha vijiko vya kuchimbia vinaingia msituni: hili halikubaliki

Wadau, salaam.

Kuna mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitisha mradi, unafyekwa kwenye misitu ya pwani huku kusini, kati ya Kilwa na Lindi. Ripoti yake ya mazingira inamaliza suala la mimea kwa mstari mmoja: spishi adimu haikuonekana. Fungua kiambatisho uone kazi ilifanyika lini. Siku mbili, Agosti! Masika yalikwisha Mei, vuli bado, miti mingi imepukutisha majani na mingi ya mimea ya tunguu imerudi ardhini. Okidi nyingi za ardhini, mimea ya maua, mwezi huo hazina hata jani moja juu ya udongo. Unazikanyaga kwa buti na huzijui. Spishi adimu haikuonekana kwa sababu haikutafutwa wakati wake.

Na hapa ni Kilwa, si uwanja wa mpira. Erythrina schliebenii, mti wa maua mekundu na miiba kwenye shina, uliandikwa kuwa umetoweka duniani mwaka 1998. Ukaonekana tena 2001 kwenye kipande cha msitu huku huku kusini, kipande hicho kikaja kufyekwa kupisha kilimo cha nishati ya mimea. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena, miti mikubwa isiyofika 50. Mti wa namna hiyo dereva wa kijiko anaweza kuumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yenyewe inajulikana. Unapima ploti, kipande cha ardhi cha mita 20 kwa 20 kwa miti, ndani yake 5 kwa 5 kwa vichaka na 1 kwa 1 kwa nyasi na mimea midogo. Unaendelea kuongeza ploti mpaka spishi mpya ziache kujitokeza. Kama ploti ya mwisho bado inaleta majina mapya, hujamaliza. Halafu ploti peke yake hazitoshi, kwa kuwa mmea adimu hauishi kwa wastani. Lazima watu watembee kwenye nyufa za mwamba wa matumbawe, kingo za korongo na vichuguu, pamoja na wazee na waganga wa miti shamba wa kijiji, na walipwe.

Majina mengi kwenye orodha yao yanaishia "sp." tu. Maana yake mmea ulitambuliwa jenasi tu, yaani kundi lake, spishi haikujulikana, pengine kwa sababu hakuna sampuli iliyochukuliwa. Tawi lenye ua au tunda linabanwa kwenye gazeti ndani ya presi, kifaa cha kubania mimea, na gazeti linabadilishwa kila siku kwa wiki ya kwanza, la sivyo kwa joto la pwani ukungu unakula ua na majani yanaachia kijiti. Rangi ya ua inaandikwa likiwa bichi, kwa sababu likikauka linageuka kahawia. Kisha sampuli inapelekwa hebariamu, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, ilinganishwe. Bila hilo, Combretum sp. inaweza kuwa kichaka cha kila mahali au mti wa mwisho.

Linalouma zaidi ni mashimo ya moramu, udongo wa changarawe wa ujenzi. Wamekagua mkuza tu. Shimo la kifusi, kambi ya wafanyakazi na njia za malori huchaguliwa baadaye, mkandarasi akishafika na mitambo, na mtu wa mimea keshaondoka. Mara nyingi shimo linawekwa msituni kwa sababu hakuna shamba la mtu la kulipia fidia. Uharibifu mkubwa unatokea nje kabisa ya ramani iliyokaguliwa, na kwenye makaratasi kila kitu ni safi.

Msituambie miti itahamishwa. Mti mkubwa umezamisha mzizi mkuu kwenye nyufa za mwamba. Ukiung'oa mzizi unakatika, kiangazi cha kwanza unakufa. Kinachowezekana ni kukusanya mbegu kutoka miti mingi iwezekanavyo na kuotesha miche kitaluni, misimu kadhaa kabla ya kuchimba.

Tunachodai: kazi isimame kwenye kipande chote chenye msitu. Ukaguzi urudiwe Aprili na tena Desemba, ukihusisha mashimo, kambi na njia za malori. Kila mti adimu ufungwe utepe na koordineti zake, namba za mahali ulipo, wapewe madereva wa vijiko kabla injini haijawashwa. Koordineti za okidi zisiwekwe kwenye ripoti ya hadharani, wezi wa okidi nao wanasoma.