Asili ikiwa sifuri, ndiyo asimptoti au siyo? Nisaidieni kabla ya asubuhi

Mwanakonde: Assalaamu alaykum wanajukwaa. Niko Pemba, upande wa Konde. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, kabishana na mwalimu wake juu ya grafu. Asili ya fankisheni, yaani ile ya chini ya mstari wa sehemu, ni x − 3. Mwalimu kasema x = 3 ni asimptoti ya wima, yaani mstari ambao grafu inazidi kuukaribia; unauvuta kwa vidoti na grafu haiugusi. Kijana kachora mstari mnyoofu unaopita hapo hapo. Nani yuko sawa? Usingizi hauji.

FundiHesabu: Waalaykum salaam. Mwalimu yuko sawa. Chukua (2x + 1)/(x − 3). Weka 3.01: kiasi, yaani ya juu, 7.02, asili 0.01, jibu 702. Weka 2.99: jibu −698. Huku inapaa, kule inazama, huo ndio ukuta. Na x ikiwa kubwa mno, ile 1 na ile 3 hazina uzito tena, inabaki 2x/x, basi y = 2 ni asimptoti ya mlalo. Mhimili wa x inaukata kwenye −1/2, wa y kwenye −1/3. Vuta vidoti kwanza, mikunjo baadaye.

BintiWete: Umenikumbusha mbali. Nilisoma Unguja, nakaa kwa shangazi Michenzani, narudia hesabu ngazini maana ndani watoto wamejaa. Tukaambiwa grafu haivuki asimptoti kamwe. Nikaamini mpaka nilipokutana na x/(x² + 1). Asimptoti yake ya mlalo ni y = 0, na grafu inapita juu yake kwenye 0. Nililia siku ile, wallahi. Ya wima ndiyo haivukwi.

MzeeMkoani: Watoto wa sasa wanabishana na walimu! Sisi tulikuwa tunasikiliza kwanza. Mfundishe adabu, grafu itafuata.

Karibuni_Chake: Ndugu, asili umetaja, kiasi hukutaja. Kiasi ni nini?

Mwanakonde: Ni x² − x − 6. Lakini hakibadili kitu. Ukiweka 3 kalkuleta inakataa. Na alama zishaingia kwenye daftari.

Karibuni_Chake: Alama umezijuaje?

Mwanakonde: Haya. Mwalimu ni mie. Nilimkata alama 5, na darasa zima nimelifundisha hivyo ubaoni. Kanuni niliyosomeshwa ni hiyo: asili sifuri, asimptoti. Nimeshaamua wiki hii twende mada nyingine. Nikirudi nyuma watachanganyikiwa, mtihani hausubiri.

FundiHesabu: Ungesema mapema! Vunja kiasi: (x − 3)(x + 2). Ile x − 3 inaondoka juu na chini, unabaki na x + 2. Grafu ni mstari mnyoofu, wenye tundu kwenye (3, 5). Kalkuleta inakataa kwa sababu ya tundu, ukuta haupo hapo.

Paje_Boy: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo "mdogo wangu", sasa "mwalimu ni mie". Msimu wa karafuu huu, vijana wako juu ya mikarafuu, nani anachora grafu?

BintiWete: Hata mie nimeanza kushuku.

Mwanakonde: Kuhusu mdogo wangu nilisema uongo, niliona haya. Mengine yote ni kweli. Kijana anachuma baada ya skuli, jioni anachambua makonyo na mama yake. Karatasi yake iko mbele yangu, ina alama ya kidole ya kahawia pembeni na inanukia karafuu. Kachora mstari kwa rula, alipofika 3 kaunyanyua, kazungusha kiduara kidogo kwa kifuniko cha kalamu, kisha kaendelea. Mie nikaandika kwa wino mwekundu: "Asimptoti iko wapi?"

Paje_Boy: Basi nisamehe, mwalimu. Kiduara hicho mtu hakitungi.

MzeeMkoani: Na mie maneno yangu nayarudisha.

Karibuni_Chake: Usituamini sisi. Kokotoa mwenyewe karibu na 3.

Mwanakonde: Nimekokotoa. 2.9 inatoa 4.9. 2.99 inatoa 4.99. 3.01 inatoa 5.01. Haikimbii kokote, inaifuata 5. Miaka minne nafundisha.

FundiHesabu: Mtihani ulikuwa na swali jingine la namna hiyo?

Mwanakonde: La pili. Kiasi kile kile, asili x − 2.

FundiHesabu: Hapo hakuna kinachoondoka. Weka 2 juu, unapata −4, kwa hiyo x = 2 ni asimptoti kweli. Ukigawa unapata x + 1, inabaki −4. Kwa hiyo kuna na ya mshazari, y = x + 1. Ya mlalo haipo.

Mwanakonde: Ngoja niigeuze karatasi.

Mwanakonde: Vidoti vyake viwili vipo. Mmoja wima kwenye 2, mmoja wa mshazari unapita 1 kwenye mhimili wa y. Nilimkata na hapo.