Tupeane uzoefu: nani amewahi kushuhudia mauti yakifukuzwa kijijini?

Mwanzilishi, Kisumu: Jana ng'ombe walifunga barabara ya Bondo karibu na mwamba wa Kit Mikayi, matatu zikasimama, na kijana aliyeketi kando yangu akauliza iwapo hayo yalikuwa maandamano. Ilikuwa tero buru, desturi ya Wajaluo ya kuyafukuza mauti kwa ng'ombe mtu anapofariki. Mliokulia huku, elezeni mliyoyaona.

Mjukuu wa Seme: Babu alipofariki, wanaume walijifunga majani shingoni, wakachukua mikuki na ngao, wakawaswaga ng'ombe hadi mpakani ili wapigane na adui asiyeonekana na kuyafukuza mauti yasirudi bomani. Kwenda kulikuwa shwari. Tuliporejea, fahali mmoja aliyechoshwa na firimbi alitoboa ua wa ojuok (mnyaa), akaingia chini ya hema la waombolezaji, viti vya plastiki vikapasuka, na kwaya ikatawanyika kabla ya kumaliza ubeti. Ami yangu pekee ndiye aliyebaki kando ya magenga, moto mkubwa wa matanga, ngao juu, akimwita fahali kwa majina ya sifa ya marehemu. Fahali alisimama, akapumua kwa kishindo, kisha akaanza kutafuna majani ya mgomba yaliyopambwa langoni.

Alego: Kweli kabisa, ng'ombe hao hawana adabu.

Mlokole, Nakuru: Hizo ni ibada za mapepo. Ombeni tu.

Idakho: Ndugu Mlokole, kanisani kwenu mauti hukemewa kwa ngoma na vigelegele, mmepungukiwa na ng'ombe tu. Sisi Kakamega tunayo shilembe, ibada yetu ya mazishi yenye mafahali, na mzee aliyeheshimika hasindikizwi kimyakimya.

Mlokole, Nakuru: Usilinganishe damu ya Yesu na kwato.

Bukusu: Si lazima ng'ombe. Kwetu, baada ya maziko ya mzee, omuswala kumuse, yaani mnenaji wa kimila, huzungumza akitembea huku na huko, akionya ukoo na kuupatanisha, wala hakuna anayethubutu kukatiza mbele yake. Marehemu baba aliogopa ulimi huo kuliko fahali yeyote.

Mama Ahero: Mkienda, msivae nyekundu.

Alego: Mama, fahali haichukii nyekundu, humkimbiza anayekimbia. Simameni imara.

Idakho: Usiwadanganye watu. Pandeni mti.

Mwanzilishi, Kisumu: Seme, viti vililipwa na nani?

Mjukuu wa Seme: Mwenye hema angali anatupigia simu.