Vitunguu majani vyangu vinakauka ncha, nakosea wapi?

KijaniTele: Habari zenu wakuu. Nina kopo la vitunguu majani, ile aina nyembamba yenye uwazi ndani ya jani, wengine wanaita chaivu. Mwaka wa kwanza vilistawi mno. Huu ni mwaka wa tatu, majani yamekuwa kama uzi, ncha zinageuka njano kisha kahawia, mengine yanalala. Namwagilia asubuhi na jioni, sijaacha hata siku moja. Nikipika napunguza ncha kwa mkasi. Navipenda, sitaki kuving'oa. Nisaidieni.

JembeFupi: Pole mkuu. Hapo pa "asubuhi na jioni" ndipo pananitia shaka. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, acha. Mizizi yake haipendi kiu, ila ikikaa majini inaoza. Kopo lina matundu chini?

BintiBustani: Na kupunguza ncha, acha kabisa. Jani la kitunguu hukua kutokea chini. Ukikata nchani, pale kwenye kidonda panakauka na kubaki kahawia hivyo hivyo. Shika fungu, kata, bakiza sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Anzia pembeni, usinyoe lote siku moja. Maua ya zambarau yakitoka, bua lake kata hadi chini, ni gumu halitafuniki. Maua yenyewe yanalika, matamu kwenye saladi.

KijaniTele: Nimekipindua kopo sasa hivi. Mizizi imejizungusha mpaka imeziba matundu yote mawili. Ya chini ni laini, kahawia, inanuka. Roho imeniuma.

JembeFupi: Mizizi myeupe ipo? Basi vizima hivyo. Kata iliyooza, gawanya shina mafungu madogo, vitunguu kama 5 hadi 10 kila fungu. Punguza majani, panda kwenye udongo mpya wenye mboji na mchanga kidogo, kina kile kile cha mwanzo. Mwagilia mara moja, halafu kidole ndicho kiwe kipimo chako. Jua la muda wa saa 6 kwa siku linatosha. Kila baada ya miaka 3 au 4 hugawanywa hata vikiwa na afya, maana vinasongana.

Mzee wa Mboji: Kama una paka au mbwa, viweke mbali naye. Jamii yote ya vitunguu ni sumu kwao.

KijaniTele: Asanteni sana. Yametoka mafungu sita, na moja lina chipukizi la kijani katikati kabisa. Paka ninaye, kwa hiyo yote yanapanda juu ya ukuta leo leo.